Safu Tatu za Maman Mwanvua

Amissi ni jirani yangu hapa Evere, mtaa wa Brussels, ghorofa moja juu yangu, na nikimsema vibaya humu msomaji anivumilie, maana nampenda kama ndugu na hasira naye sijaimaliza. Kazi yake ni kuandika programu za seva, vitu ambavyo huvioni mpaka vigome. Hana makuu. Asubuhi hupanda basi na wenzake wa maofisini, jioni hurudi na mkate kwapani, na kila Jumamosi alikuwa akienda Jette kwa Maman Mwanvua, dada wa mama yake, aliyemlea tangu wakiwa Kasongo, Maniema, kule Kongo.

Maman Mwanvua hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa na watu wachache. Mumewe, Papa Hassan, alipofariki hapa Brussels, habari ilipita mdomo kwa mdomo ikachelewa, na siku ya swala hata safu moja haikujaa. Sisi Waislamu tunapenda maiti aswaliwe na safu tatu, hata zikiwa fupi. Mama wa watu aliyaona yale mapengo na hayakumtoka moyoni.

"Amissi," alikuwa akisema, nami nimeketi naye sebuleni, "miye sitaki kuzikwa sawa Hassan. Unasikia? Bantu bakuye, bajaze safu."

Ndipo Amissi akaanza kutengeneza mfumo wa msiba kwa ajili ya chama chao cha watu wa Maniema. Mtu akifariki, unaandika jina lake, seva inachukua namba za wanachama wote na kuwatumia ujumbe kwa mpigo. Hakuna tena kupigiana simu na kusahau nusu ya watu.

Alinieleza jikoni kwangu, huku akila chapati zangu bila kuhesabu. Alikuwa ameshakijaribu kila kipande peke yake: penye majina ni sawa, penye namba ni sawa, penye kutuma ni sawa. Kilichobaki ni kuvijaribu vyote pamoja.

"Ni pale njo kuna matata, dada Zaituni," alisema. "Kila kimoja iko muzima, lakini ukivikutanisha, bon, vinaanza kupigana."

"Kama mawifi jikoni," nikamwambia, akacheka.

Jaribio lilihitaji jina la marehemu, na hapo akakwama. Jina la mtu aliyekufa kweli aliona haya kulichezea. Kubuni hakuwezekani, kwa sababu jina lolote utakalobuni, kuna mtu wa Maniema analo na atakuja kukugombeza. Maman Mwanvua ndiye aliyekata mzizi wa fitina.

"Weka jina yangu," alimwambia. "Miye nitakufa kwanza, mbele yenu bote. Kufa mara moja kwa ordinateur, kwa ile kompyuta yako, iko nini?"

Akaliweka. Akanakili namba za wanachama ili jaribio lifanane na kweli. Akasahau jambo dogo tu, kwamba namba zile zilikuwa za watu halisi na njia ya kutuma nayo ilikuwa halisi. Akabonyeza.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa Jette kwa bahati tu, namsuka Maman nywele, kengele ilipolia. Alikwenda kufungua mwenyewe, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Mlangoni alikuwa Rolande, rafiki yake wa siku nyingi, kabeba sufuria ya sombe, kile kisamvu chao, na nyuma yake ngazi nzima imejaa watu wanaolia. Rolande alipiga yowe, sufuria ikamponyoka.

Maman aliwatazama mmoja mmoja, mpaka wa chini kabisa.

"Donc nilikufa na hamukuniambia?" akauliza.

Tulicheka siku ile mpaka majirani Wabelgiji wakatoka kuona kuna nini. Amissi alifika anahema, akapiga magoti mbele ya kina mama wote, akatukanwa Kiswahili, Kifaransa na Kilingala. Maman pekee hakumtukana. Walipoondoka alibaki kwenye kiti chake akitabasamu peke yake.

"Uliona ngazi, binti yangu?" aliniuliza. "Bantu batakuya. Sasa miye niko sawa."

Laiti mambo yangeishia hapo.

Amissi aliona aibu mno. Akaweka kufuli kwenye mfumo: kufuli likifungwa, ujumbe wowote uende kwenye simu yake yeye peke yake, ili jaribio lisije likaua mtu tena. Wazo zuri, sikatai. Kila alipogusa programu, majaribio yalijiendesha yenyewe, na simu yake ikamwambia kwamba Maman Mwanvua amefariki. Alizoea. Alikuwa anasoma ujumbe ule huku anakoroga chai. Nao wanachama walizoea jambo jingine: waliacha kabisa kupigiana simu za msiba, kwa kuwa kuna mfumo.

Baridi ilipoanza, chama kilihamisha mfumo kwenye seva mpya. Amissi alinakili kila kitu, akaendesha majaribio yote, yote yakapita. Kufuli nalo lilihama pamoja na vingine, likiwa limefungwa.

Wiki hiyo hiyo Maman Mwanvua akafariki hospitalini, asubuhi, Amissi kamshika mkono. Alinipigia mimi kwa sauti yake, maana nilitakiwa kuosha maiti. Kisha akaandika jina kwenye mfumo, akabonyeza, simu yake ikalia. Ujumbe umefika. Akashukuru Mungu, akaenda kushughulikia kaburi.

Kesho yake tulikuwa makaburini. Amissi aliomba swala iswaliwe hapo hapo nje, kwa sababu msikitini kwa watu wengi hivyo kungekuwa kubanana. Tulisimama. Imamu akatazama lango.

"Tuwangojee wengine?"

"Wanakuja," Amissi akasema. "Ni tramu imechelewa."

Tukangoja. Wachimba kaburi wakaanza kutazamana. Baridi iliniuma vidole, nikashikwa na hasira na watu wa Maniema wote, wenye mdomo mrefu kwenye sherehe na miguu mifupi kwenye shida. Nikampigia Rolande ili nimpe vidonge vyake.

"Mko wapi? Tuko makaburini tunawangoja!"

"Makaburi gani? Nani alikufa?" Rolande akauliza, kisha akaongeza, "Attends, ngoja nimupigie Maman Mwanvua, yeye anajuaka habari za bantu bote."

Nilimgeukia Amissi. Nikamuuliza ujumbe ulifika wapi. Akatoa simu yake kunionyesha, na kabla hajaifungua niliona uso wake ukibadilika. Alikumbuka kufuli. Aliketi pale pale kwenye nyasi zenye barafu, akasema, "Ilifika kwangu. Kwangu tu."

Maskini Amissi. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimesimama.

Muda wetu ulikuwa umekwisha, kaburi jingine linangoja zamu. Imamu aliwaita Wamoroko wawili waliokuja kuzuru kaburi la baba yao, akawasimamisha mbele. Dereva wa gari la maiti na mwenzake akawaweka nyuma yao. Safu ya tatu ilikuwa Amissi peke yake. Nyuma yake nilikuwa mimi, nikitazama mabega yake yanavyotikisika.

Jumamosi watu walikuja Jette. Wote. Ngazi ikajaa kama siku ile, masufuria yakapangwa mpaka mlango wa jirani, na kilio kilikuwa cha kweli. Amissi alisimama mlangoni akimweleza kila anayeingia, tena na tena, kwamba kosa ni lake. Hakuna aliyemtukana safari hii, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi.

Rolande alifika mwisho, na sombe yake. Alikitazama kile kiti cha Maman kilichokuwa wazi.

"Siku ya uongo tulikuya bote, Amissi," akasema. "Siku ya kweli, tukamuacha yeye moja."

Amissi aliipokea ile sufuria. Kisha akaenda kwa majirani kuazima viti, kwa sababu watu walikuwa wengi na viti havikutosha.