Alama Nilizozikata kwa Penseli Nyekundu

Katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ndogo ya misheni huko Tarime, alikuja daktari mgeni na mashine ya kupima ubongo. Wanaume wanne waliishusha kwenye lori, naye akawa anawazunguka akisema, "Polepole, polepole," maana hicho ndicho Kiswahili alichokuwa nacho wiki ile.

Mashine ilikuwa na kalamu nane nyembamba. Mgonjwa akilala, tulimbandika kichwani vifungo vidogo vya fedha, kila kimoja na waya wake, na kalamu zikachora mistari kwenye karatasi ndefu iliyosogea yenyewe. Daktari alitaka kujua nani ana kifafa na nani anaanguka kwa sababu nyingine. Kwetu Ukuryani mwenye kifafa alitengewa hata bakuli lake kwa hofu ya kuambukizwa, kwa hiyo watu walikuja kutoka mbali, wengine wakitembea siku mbili.

Shida yetu ilikuwa takataka. Ndivyo daktari alivyoziita alama zote zisizotoka kwenye ubongo. Mgonjwa akipepesa macho, kalamu za mbele ziliruka. Akiuma meno, mistari ya pembeni iliota manyoya. Akitokwa na jasho, mistari yote ilipanda na kushuka kama barabara ya vilima ya Nyambureti. Waliojipaka samli kichwani tuliwaosha kwa sabuni mara mbili, la sivyo vifungo viliteleza. Jenereta nayo ilitia mtetemo mdogo usiokoma. Tuliihamishia nyuma ya stoo, bado. Mwishowe daktari alichimbia nondo ardhini, akaiunganisha na mashine kwa waya, akaniagiza niimwagie maji ya chumvi kila asubuhi. Mtetemo ukaisha. Siku hiyo nilitembea kwa majivuno kana kwamba nimeponya mtu.

Kazi yangu ilikuwa kutandaza karatasi mezani na kuzikata takataka kwa penseli nyekundu, ili daktari asome palipobaki. Alinipa sharti moja: "Usikate kitu kama hujui kimetoka wapi."

Siku moja aliletwa mwanamke kijana kutoka Natta, pamoja na mama mkwe wake. Alikuwa amefiwa na mtoto wa kwanza, na tangu hapo alikuwa akianguka. Daktari alishuku huzuni. "Mashine itatuambia," akasema, kisha akaitwa wodini kwa mama aliyekuwa akijifungua kwa shida.

Nikabaki na mgonjwa. Alilala kimya, macho amefumba, mikono kifuani. Katikati ya kipimo kalamu za upande wa kushoto zilianza kuchonga alama kali, moja baada ya nyingine, kisha zikatulia. Asubuhi hiyohiyo waya mmoja wa kushoto ulikuwa umelegea kwa mgonjwa mwingine. Nje walikuwa wakisubiri watu watano. Nikasema moyoni, ni waya ule tena. Sikuugusa wala sikuukagua. Nikachukua penseli, nikakata.

Jioni daktari alisoma palipobaki, akaona pako sawa. Kesho yake akamwambia mama mkwe, "Hana kifafa. Ana huzuni. Mtunzeni." Mwanamke yule alilia kwa furaha. Hakupewa dawa.

Siku tatu baadaye nilikuwa nikisafisha vifaa, nikaukumbuka waya ule, nikataka kuutengeneza. Niliuvuta, nikautikisa, nikajibandika kichwani mwenyewe na kuwasha mashine. Mistari ya kushoto ilitulia kabisa. Nikabadilisha kifungo, nikarudia. Ilitulia. Nikaitafuta karatasi ya mwanamke wa Natta kabatini, nikasoma chini ya wekundu wangu. Waya uliolegea huvuruga mistari yake tu. Alama zile zilikuwa zimefika hata kwenye mistari isiyohusiana na waya ule, zikipungua kidogo kidogo kadiri zilivyokwenda mbali.

Nilimpelekea daktari karatasi.

"Nani alikata hapa?"

"Mimi."

"Ulimwangalia mgonjwa? Ulikagua waya?"

"Hapana."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kitini, akashika kichwa, akasema, "Na mimi nilisoma bila kuuliza umekata nini."

Kesho yake tuliondoka na gari la hospitali. Tulipofika Natta mama mkwe alikuwa akianika mtama. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alituongoza ndani.

Mwanamke yule alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Siku mbili baada ya kurudi walimwacha peke yake jikoni, kwa kuwa tulisema hana kitu. Alianguka motoni.

"Mlisema ni huzuni," mama mkwe akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Zamani nilikuwa simwachi hata akienda kuchota maji. Mlinifanya nimwache."

Daktari alinitazama. Nilijua anasubiri kuona kama nitasema, au aseme yeye.

"Mama, kosa ni langu," nikasema. "Karatasi ilionyesha ugonjwa, mimi nikafuta."

Akatoka nje kuuendea mtama wake. Tulimsafisha mgonjwa kidonda, tukampa vidonge vya kifafa, tukamrudisha hospitali kwa majuma kadhaa. Kuanguka kulipungua, hatimaye kukawa nadra sana. Lakini vidole vitatu vilishikana, na mkono haukufunguka tena.

Daktari aliondoka na mashine yake kabla ya mvua za masika. Mwanamke aliendelea kuja kuchukua dawa kwa lori la mizigo, na kila mara alinisalimu vizuri, jambo lililonitesa zaidi. Baada ya mwaka hivi nilijikaza, nikamwomba msamaha tukiwa wawili tu dirishani pa dawa.

"Mkono nimeuzoea," akasema. "Kinachoniuma ni ile furaha mliyonipa. Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani."

Nje lori lilipiga honi. Nikamfungia vidonge kwenye karatasi, akavipokea kwa mkono wa kushoto, akaharakisha kulipanda.