Spoku ya Baiskeli na Kadi za Maboksi

Siku hizi vijana wakinieleza taarifa ni nini, huwa nanyamaza, na si kwa adabu. Nikianza kujibu hawatalala. Mimi nimepanga taarifa za wagonjwa kwa spoku ya baiskeli, mjini Shinyanga, miaka ya sabini, na bado sijaiona mashine iliyoijua kazi ile kunishinda.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu kwenye kliniki ya kifua kikuu. Walinipeleka Dar es Salaam kwa kozi fupi, nikajifunza kadi za matundu. Unatoboa matundu pembeni mwa kadi, kila tundu na maana yake, na lile linalomhusu mgonjwa unalikata mpaka ukingoni. Ukiwataka watu fulani, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu lao katika rundo zima, unanyanyua, unatikisa. Waliokatwa wanadondoka, wengine wananing'inia. Niliporudi hakuna aliyenipa kadi wala sindano. Nikakata maboksi ya dawa, nikanoa spoku.

Kliniki ilikuwa na fomu zake rasmi, zilizopelekwa Dar kuingizwa kwenye kompyuta. Mstari wa kwanza uliuliza jina la mkuu wa kaya. Aliyeutunga mstari huo hakuwahi kuolewa Usukumani. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, na kaya nyingi ni za baba mkwe. Mimi mwenyewe jina la wangu sijalitamka mpaka leo, na yeye alishazikwa. Basi ukimbana mwanamke dirishani atakupa jina lolote lililo karibu, leo la mjomba, mwezi ujao la babu. Karani wa dirishani hamkuti kwenye fomu za zamani, anamfungulia mpya. Ile ya kwanza inabaki na sindano chache tu za dawa zilizoandikwa, kama ya mtu aliyetoroka.

Kwenye kadi zangu sikuuliza jina hilo. Niliuliza unachota maji lambo gani, uzao wako wa kwanza ulikuwa mmoja au mapacha, ulianza sindano mwezi upi. Hayo hakuna mkwe anayeyakataza.

Siku moja asubuhi akaja bwana wa makao makuu, suti ya Kaunda imepigwa pasi vizuri, mkononi orodha iliyochapwa na kompyuta. Ilikuwa ya walioacha dawa. Mwaka ule dawa zilikuwa chache, na agizo lilikuwa kwamba aliyeacha asipewe tena. Akayaona makasha yangu ya kadi.

"Haya maboksi yachomwe," alisema. "Taarifa zote ziko kwenye mashine."

Kabla sijajibu, mwanamke mmoja alifika dirishani na kikaratasi chake cha namba. Bwana yule akakichukua, akapitisha kidole kwenye orodha.

"Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, "wewe uliacha dawa. Hupati tena."

"Sijaacha, baba. Kila siku natembea mpaka hapa."

"Mashine haisemi hivyo."

Mwanamke aliinamisha kichwa akakohoa ndani ya khanga. Alikuwa na mapacha nyumbani, na sote mle ndani tulijua kifua kile kisipopata dawa kitaishia wapi. Nikasogea dirishani na spoku yangu.

"Shikamoo, dada," akaniambia aliponiona.

"Marahaba. Unachota lambo gani?"

Akanitajia, pamoja na mwezi alioanza sindano. Nikapitisha spoku tundu la lambo lile, zikadondoka kadi kama kumi. Nikazikusanya, nikapitisha tundu la mapacha, zikadondoka mbili. Tundu la mwezi likaangusha moja. Sindano zake zote zilikuwa pale, hakuna siku iliyorukwa, na nyuma yake nilikuwa nimeandika kwa penseli namba za fomu tatu alizofunguliwa. Zote tatu zilikuwa kwenye orodha ya yule bwana.

"Watoro wako watatu," nilimwambia, "ni huyu mmoja, na hajakosa hata siku moja."

Aliisoma kadi mbele na nyuma. "Fomu haina nafasi ya lambo," alisema.

"Basi kwenu mgonjwa ni fomu, si mtu."

Muuguzi alimpa yule mama dawa mbele ya bwana yule. Makasha sikuyachoma, jioni ile niliyapakia kwenye baiskeli nikayapeleka kwangu, na kila asubuhi nikawa nakuja na rundo la siku hiyo kwenye kikapu. Baada ya wiki chache ikaja barua ya onyo, nzito, karatasi nzuri kuliko yoyote iliyowahi kufika kliniki. Ilinishutumu kwa ukaidi.

Kadi ya yule mama ilikuwa imeshachakaa kwa kutikiswa. Nikaikata barua kwa kipimo, nikatoboa matundu, nikahamishia sindano zake zote. Mwaka uliofuata, kifua chake kilipokuwa safi, nikalikata tundu la kona, la waliopona. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia kadi nikikata. Upande wa pili neno ukaidi lilikuwa bado linasomeka.