Maji Hayahesabiwi Kwenye Banio

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikwenda Majengo, Moshi mjini, kwenye karakana ya pampu ya Singasinga mmoja tuliyemwita Fundi Mkuu, nikiwa nimevaa gauni la kanisani kwa sababu sikuwa na nguo nyingine ya heshima. Aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akasema, "Binti, aliyekutuma hapa alikwambia tunauza keki?" Kesho yake nikarudi na suruali ya kaka yangu Prosper, nimeikunja mara tatu na kuifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Fundi Mkuu alicheka mpaka kilemba kikalegea, kisha akanipa spana.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaosoma ufundi, hasa wale mliopanda Uru mwaka huu kuniuliza kama ni kweli bibi huyu wa migombani aliwahi kupoza kinu cha nyuklia. Ni kweli, ingawa sikukipoza peke yangu. Na kabla ya kukipoza, nilikaribia kukiangamiza. Sehemu hiyo hakuna aliyeniuliza, lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo nitaisema.

Karakana ile ilitengeneza pampu za mashamba makubwa ya kahawa. Mimi niliosha vyuma kwa mafuta ya taa miezi mitano kabla ya kuruhusiwa kufungua pampu. Nilijifunza kwamba pampu hujazwa maji kwanza ndipo iwashwe, maana pampu inayozunguka kavu hujiunguza yenyewe. Nilijifunza pia kutumia mkono. Fundi Mkuu hakuwa adui wa mita, ila hakuziabudu. "Shika bomba, Resti," alikuwa akisema. "Bomba lenye maji halijifichi. Lina baridi, na siku ya joto linatoka jasho kama mimi." Kisha alijifuta uso kwa kitambaa chenye grisi na kujipaka weusi hadi kwenye ndevu, na sisi tukanyamaza kwa heshima.

Lakini mwalimu wangu wa kwanza wa maji hakuwa yeye. Alikuwa Mama.

Kwetu Uru maji ya shambani huja kwa mfongo, yaani mfereji ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni na kuupitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za watu. Pale mtoni maji yanapogeuzwa panaitwa banio. Enzi zangu mwanamke hakukanyaga banio. Wazee walisema litabomoka. Basi zamu yetu ya maji ilipofika, Baba na Prosper walipanda kwenye banio, na mimi na Mama tukasimama chini kabisa ya kihamba, kwenye mgomba wa mwisho, tukisubiri.

Baba alikuwa akirudi amejaa furaha. "Nimefungua. Maji ni mengi."

Mama anatazama udongo mkavu miguuni pake. "Mengi yako wapi?"

"Nimeyaona kwa macho yangu, mama Prosper!"

"Umeyaona yakiondoka. Mimi sijayaona yakifika."

Na kweli, mara nyingi njiani palikuwa na mtu aliyetoboa ukingo na kujipelekea maji kwenye kihamba chake. Maji hufuata mkondo, hayajui zamu ni ya nani. Mama alichukua jembe, akaufuata mfongo kwa miguu kutoka chini kwenda juu mpaka alipokuta tundu, akaliziba. Hakuwahi kufika kwenye banio, na hakuwahi kulihitaji.

Nilikaa Majengo miaka saba. Nikaenda chuo cha ufundi, nikafanya kazi kwenye pampu za shamba la miwa kule tambarare, na huko kiwanda cha ng'ambo kilichotuuzia pampu kikanichukua kwa mafunzo. Mkurugenzi wa Mafunzo alikuwa mtu mkavu. Alinipokea kwa kuniambia, "Hapa utaanza kwa kufagia." Nikamjibu kwamba nina uzoefu. Nilifagia wiki tatu, nikabaki miaka mingi. Baadaye kiwanda kikanihamishia kwenye kituo cha umeme wa nyuklia kilichotumia pampu zetu, kando ya mto mkubwa. Nchi yenyewe sitaitaja, maana wenyewe wameshasemwa vya kutosha.

Hapa sharti nieleze jambo moja. Kinu cha nyuklia kina nondo za fueli, yaani mirija membamba ya chuma yenye madini ya urani ndani, iliyozamishwa kwenye maji. Madini hayo hutoa joto, maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha mtambo wa umeme. Watu hudhani ukikizima kinu kazi imekwisha. Sivyo. Chungu cha kiburu, ndizi zetu za maharage, kikiwa jikoni, ukichomoa kuni zote huendelea kutokota kwa makaa. Kinu nacho hubaki na joto la masalia, na joto hilo halihesabiwi kwa saa, linahesabiwa kwa miezi na miaka. Kisipopata maji wakati wote huo, nondo huyeyuka na kuanza kutoboa chombo kilichozibeba.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili mto ulipofurika. Umeme ukakatika, jenereta za dharura zikazama. Kinu kilijizima chenyewe kama kilivyoundwa, lakini pampu zake zote za umeme zikafa, na ile moja ya mvuke ikatuvusha siku mbili tu kabla ya kufa nayo. Siku ya tatu tulifanikiwa kuunganisha pampu ya zimamoto kwenye bomba la kuingilia kinuni, tukaanza kusukuma maji ya mto. Pampu ile nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa mkongwe kuliko wote wa kazi hiyo. Mji ulikuwa ng'ambo ya mto. Kinu kikitoboka, watu wake wasingerudi tena majumbani mwao.

Nilisimama na redio mkononi, macho kwenye mita ya pampu. Kila nusu saa Mkuu wa Zamu, aliyekuwa kwenye chumba cha uongozi, aliniuliza. Nami kila nusu saa nilijibu, "Maji yanaingia."

"Restituta, kipimajoto cha kinu kinapanda."

"Kimeungua hicho, Bwana Mkuu. Mita yangu iko sawa. Maji yanaingia."

Nilisema hivyo saa sita nzima. Na kwa sababu nilikuwa mkongwe, waliniamini mimi, wakakitupilia mbali kipimajoto.

Aliyenizindua ni Tomas, mchomea vyuma, ambaye hakuwa na habari za vipimo. Alikuwa ameegemea gari akila mkate. Akauliza kama mtu anayeuliza saa, "Hivi chombo chenyewe kina ukubwa gani? Maana tangu asubuhi tumeshapeleka maji ya kujaza bwawa. Mengi hivyo yako wapi?"

Nilisikia sauti ya Mama waziwazi, na aibu iliyonishika sijawahi kuisikia tena maishani. Nilikuwa nimetoka mgomba wa mwisho, nikasoma, nikavuka bahari, nikajigeuza mtu wa banio. Nilikuwa nimeyaona maji yakiondoka, na kwa saa sita nikawaapia watu kwamba yamefika.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mkuu wa Zamu. Mambo mengine hayasemwi redioni.

"Bwana Mkuu, nimekosea. Kipimajoto ni kizima. Maji yanapotelea njiani."

Alikuwa hajalala tangu mafuriko na macho yake yalikuwa mekundu. "Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nataka kulifuata bomba kwa miguu."

"Mule ndani kuna mionzi. Wanawake hawaingii, ndiyo kanuni."

"Kanuni ni ya wenye umri wa kuzaa. Mimi duka hilo nimeshalifunga."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza alitabasamu wiki ile. Akaniandika pamoja na Tomas na mtu mwingine wa vali, wote tumepita hamsini, na akampa kila mmoja dakika kumi na mbili. Mionzi haina harufu wala maumivu. Unavaa kifuani kidude kinachoipima, kikipiga kelele unatoka, hata kama umebakiza nati moja. Tuliingia kwa zamu kama zamu za mfongo, mmoja akitoka mwenzake anapokea pale alipoishia.

Nilianza upande wa kinu, kama Mama, nikarudi nyuma kuelekea pampu. Ndani palikuwa giza mchana kweupe, joto la kutosha kupika, na hewa nzito kwa mvuke. Bomba kuu lilikuwa na matawi sita. Kwenye karatasi yote yalikuwa yamefungwa. Nilimulika la kwanza, kavu. La pili kavu. La tatu kavu. La nne lilikuwa linatoka jasho. Matone yalijipanga chini ya tumbo lake na kudondoka sakafuni. Nikalishika, na hata kupitia glavu mbili nikasikia baridi ya mto.

Vali yake ilikuwa imebaki wazi umeme ulipokatika. Maji yetu karibu yote yalikuwa yakienda kwenye tenki la mvuke uliotumika, ambalo halikuyahitaji hata kidogo. Niliukamata usukani wa vali nikausukuma, haukutikisika. Kidude kifuani kikaanza kulia. Nilitamani kukaa, nawaambieni kweli, nilitamani kufia pale kuliko kutoka bila kuifunga. Lakini zamu ni zamu. Nilitoka, nikamwelekeza Tomas. Tomas aliusogeza robo mzunguko akatoka. Mtu wa vali akaumaliza.

Dakika hiyohiyo mita ya pampu ikaporomoka hadi chini ya nusu. Mkuu wa Zamu akapiga kelele redioni, "Restituta! Maji yamepungua! Mmefunga nini?"

"Tundu, Bwana Mkuu. Yale mengi yalikuwa ya jirani. Haya machache ndiyo yetu."

Tukasubiri. Sijui kama mmewahi kusubiri kitu huku mji mzima ukiwa nyuma ya mgongo wenu. Kipimajoto kilisimama. Kikabaki palepale. Halafu sauti ya Mkuu wa Zamu ikaja, ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Kinashuka."

Nililia ndani ya barakoa mpaka kioo kikaingia ukungu, Tomas akaniongoza kwa mkono kama kipofu.

Hatukumaliza siku hiyo. Nondo kadhaa zilikuwa zimeshayeyuka, na saa zangu sita zina sehemu yake katika hilo. Nilimwambia Mkuu wa Zamu aliandike jina langu kwenye taarifa, akaliandika, na pia akaandika jinsi vali ile ilivyofungwa. Lakini chombo hakikutoboka. Wiki zilizofuata tulijenga mzunguko, maji yatoke kinuni, yapozwe, yasafishwe, yarudi palepale bila kugusa mto. Ilichukua karibu mwaka mzima mpaka maji ya mle ndani yakakaa chini ya kiwango cha kuchemka bila kupanda tena, na hapo ndipo tunaposema kinu kimetulia. Watu wa ng'ambo ya mto wamo majumbani mwao hadi leo.

Mkuu wa Zamu alibadilisha jambo moja dogo ambalo najivunia kuliko cheti chochote. Tangu siku ile mtu wa pampu hakuruhusiwa kusema "maji yanaingia". Alisema "maji yanaondoka", basi. Neno "yamefika" lilikuwa la mtu wa upande wa pili, anayeyaona.

Usiku mmoja nilimpigia Mama simu nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa huyo jirani aliyeiba maji, mmempeleka kwa mwenyekiti?"

Nimestaafu. Kila mwaka napimwa damu, na daktari husema ugonjwa wangu mkubwa ni mdomo. Fundi Mkuu alishafariki, na karakana yake siku hizi ni duka la simu. Mnaponiuliza kama nyuklia ni nzuri au mbaya, nawaambia waulizeni waliosoma zaidi. Mimi najua kwamba kitu kilichoharibika kinaweza kutulizwa, iwapo aliyekosea atasema mapema na wenzake wakakubali kushika zamu.

Mwezi uliopita kamati ya mfongo wetu ilimaliza kujenga banio jipya la saruji. Mwenyekiti ni Prosper. Alikuja na wazee wawili wakasema wameshauriana, ya zamani yamepita, wangependa dada yao mhandisi afungue maji kwa mkono wake. Nilishukuru sana, na nilifurahi kuliko nilivyowaonyesha. Siku moja kabla nilikwenda kulitazama hilo banio nililokatazwa miaka yote. Mae! Ni ukuta mfupi na mlango wa chuma. Nikacheka mwenyewe pale mtoni.

Lakini siku ya kufungua niliwaachia wao. Mimi nilimshika Mama mkono, yeye na miaka yake tisini na zaidi, tukashuka taratibu hadi mgomba wa mwisho, nikamwekea kigoda. Simu ikalia.

"Dada, tumefungua!" Prosper alikuwa anapiga kelele, nyuma yake watu wanashangilia. "Maji ni mengi!"

"Yanaondoka," nikasema. "Nimekusikia."

Tulingoja. Mama alivua kandambili, akaweka nyayo zake kwenye udongo mkavu wa mfereji. Nikaona majani makavu yakitangulia kwa mbali, halafu maji, ya rangi ya kahawia, bila haraka. Yakampita Mama vidoleni.

Nikampa simu. "Mwambie wewe, Mama."

Akaishika kwa mikono miwili.

"Prosper," akasema. "Yamefika."