Ngazi ya Afande Aulikki

Saa tatu asubuhi, jua la Machi limeshakausha lami ya barabara iendayo bandari ya Kotka, nchi ya Wafini. Aulikki Sarkama amesimama pembeni, kofia ya sufu imemfunika masikio, mkononi ana kibao chekundu cha kusimamishia magari. Lori lenye kontena refu linakuja. Anainua kibao. Dereva anapunguza mwendo na kupanda mizani, uso mbele, kama aliyeitwa na daktari wa meno.

"Huyu kazidisha," Aulikki ananinong'oneza, mimi mwandishi niliyesimama naye.

Namba zinatokea. Hajazidisha hata kidogo.

"Basi nimemsingizia. Nenda salama, bwana," anamwambia dereva, naye anaondoka akicheka.

Aulikki ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu ya maisha yake amekuwa polisi wa magari mazito. Kazi yenyewe anaieleza kwa maneno machache: "Gari linapanda, namba inasoma, mtu ananuna."

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hawakusema ni nani atakayetengeneza barabara akishapita. Malori ya aina hii hayaruhusiwi kuzidi tani arobaini na nne, na mwezi huu, theluji inapoyeyuka na ardhi kulainika kama uji, kila kinachozidi huacha shimo. Aulikki mwenyewe anaishi kwenye barabara ya changarawe, na gari la maziwa limewahi kukwama mbele ya nyumba yake.

Lakini watu wa Kotka wakimtaja Aulikki siku hizi, hawataji mashimo. Wanataja ngazi.

Machi ya mwaka jana alimsimamisha Veijo Lintula, jirani yake. Nyumba nne za pale zinatumia sauna moja, chumba cha kuogea mvuke, iliyo nyuma ya nyumba ya Aulikki, na kila Jumamosi Veijo ndiye aliyekuwa akichochea moto na kumwita mwenye sauna "afande" mpaka watu wanashika mbavu. Veijo alikuwa na lori moja, lake mwenyewe, na kazi moja ya maana, yaani kupeleka bandarini mbao za kiwanda kimoja. Kiwanda kilikuwa kimeshamwonya kwamba akikamatwa tena amezidisha, asirudi. Jambo hilo walilijua wote, Aulikki akiwemo.

"Arobaini na sita na nusu," Aulikki alimwambia siku hiyo.

"Mizani yako inaumwa, afande. Nimepakia mbao mimi, sikupakia kanisa."

"Paani umepanda?"

"Nipande na nini, mabawa?"

Kisha Veijo mwenyewe akatazama juu. Ukingoni mwa paa la kontena maji yalikuwa yakidondoka. Kontena lilikuwa limekaa tupu kwenye yadi ya makontena majira yote ya baridi. Theluji juu yake iliyeyuka mchana na kuganda usiku, ikayeyuka tena na kuganda tena, mpaka ikawa bamba la barafu. Januari hakuna dereva asiyekumbuka paa. Machi, lami ikikauka na jua likipiga machoni, hata wakongwe husahau.

Alipozungumza tena, neno afande hakulitumia.

"Aulikki, unajua wakisikia itakuwaje."

"Najua."

"Haya ni maji tu. Nipe nusu saa niyabwage pale vichakani, tupime upya, uandike hicho kipimo cha pili. Tunaoga sauna moja, mama."

"Nitaandika vyote viwili. Ngazi iko kwenye gari langu."

Ngazi hiyo hakupewa na mtu. Aliinunua mwenyewe, kwa sababu yadi ya makontena haikuwa nayo na yeye alichoka kuona wanaume wazima wakirukaruka na fito. Veijo alipanda, akavunja barafu, lori likapimwa tena na kukutwa sawa. Akaifunga ngazi ubavuni mwa lori lake, akaondoka nayo bila kuaga.

Sheria ni msumeno, na wa Aulikki ulikata mbele na nyuma. Kiwanda kilitimiza onyo lake. Veijo sasa anabeba kokoto, na mkewe, Marketta, anasema mapato yao yamepungua karibu theluthi. Marketta bado huja sauna. Mumewe hajakanyaga tena.

"Hamchukii," Marketta ananiambia. "Anaona haya. Dereva wa miaka yote hiyo kasahau paa! Ila mwambie hivyo wewe, mimi naishi naye nyumba moja."

Namuuliza Aulikki kama hakujuta.

"Iliniuma, tena sana. Lakini wiki ileile nilikuwa nimemwandikia dereva wa Estonia kwa barafu kama hiyo. Naye aliniomba, kwa Kifini cha kuokoteza. Yule sina sauna naye. Sasa ningesemaje, kwamba barafu ya jirani ni nyepesi?"

Mchana anakula mkate mweusi, anakunywa kahawa ya chupa, kisha tunaenda yadini. Ameshawaomba wenye yadi wajenge jukwaa la kupandia, nao hujibu kwamba ni mwakani.

Langoni tunamkuta dereva juu ya ngazi, anagonga barafu kwenye paa la kontena, vipande vinaanguka upande usio na watu. Ngazi imefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo mrefu. Aulikki anaisogelea. Kipago cha tatu kimezungushiwa waya wa buluu, waya aliouzungusha kwa mikono yake kilipopata ufa.

"Kaileta yule wa kokoto, juzi," mlinzi anasema. "Ufunguo kaniachia mimi. Nikamuuliza ngazi ni ya nani, akasema ni ya kila anayepita hapa."

"Na kwangu hakukutuma kitu?"

"Alisema ukiiulizia nikwambie ufa umezibwa vizuri sasa."

Aulikki anakigusa kipago. Ni kweli, chini ya waya kuna mbao mpya. Macho yamemlowa, wala hajifanyi kwamba ni baridi.

Oktoba anastaafu. Kabla ya hapo anataka aone jukwaa la kweli langoni hapa, lenye vipandio na vishikio, ili dereva wa Estonia na wa Kotka wapande bila kumwomba mtu.

Na Jumamosi?

"Jumamosi nitapasua kuni zaidi," anasema, akirudi kwenye gari. "Veijo anapenda moto mkali. Sisi wengine mwaka mzima tumeoga vuguvugu."