Dhamana ya Kaka Bwanausi

Simu ya Ashatu iliingia nikiwa dukani kwangu Chalinze, nampimia mteja mpira wa breki. Ashatu ni binti mkubwa wa kaka yangu Bwanausi. Hakunisalimia. Binti yule hata akiwa na haraka ya namna gani hunipa shikamoo kwanza, kwa hiyo nilijua kabla hajasema.

"Baba mdogo," akasema, "baba ametutoka. Sasa hivi, amemaliza tu kuswali dhuha."

Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mteja naye akasema vilevile, akauweka mpira mezani, akanisaidia kushusha mlango wa duka.

Mwenyezi Mungu anajua, kwa hiyo sitaficha: kilichonijia baada ya kauli ile hakikuwa machozi. Ilikuwa pikapu. Ijumaa iliyotangulia nilikwenda kumjulia hali kaka, nikamkuta kitandani na daftari kifuani. "Imebaki moja, Hamidu," aliniambia. "Nikiondoka kabla haijapatikana, itafute wewe." Sasa ameondoka, na pikapu haijulikani iko wapi.

Kaka Bwanausi alikuwa fundi wa kuchomelea chasisi pale Nianjema, Bagamoyo, kwa miaka thelathini na minne. Pikapu za pwani yetu hubeba samaki wenye barafu na magunia ya chumvi, na maji yake huchuruzika juu ya chuma kila siku. Gari linang'aa juu, chini linaliwa. Yeye alilala chali chini ya magari hayo na nyundo ndogo, akigonga kutoka mbele mpaka nyuma huku akisikiliza. Alikuwa akisema chuma kizima huitika, kilichooza hunyamaza.

Nakumbuka mtu mmoja aliyemletea kijitabu cha dhamana kilichokuja na gari lake kutoka Japani. Alikishika kwa mikono miwili kama msahafu.

"Fundi, hawa walinidhamini kutu. Imeandikwa humu."

Kaka akakigeuza. Kilikuwa cha Kijapani kitupu. Akatafuta tarakimu, akazipata.

"Bwana wee, dhamana hii imekwisha wewe ukiwa hujaota ndevu. Na waliyemdhamini ni Mjapani mwenzao, hawakuambiwa kuna mtu wa Bagamoyo atapakia papa."

"Sasa mimi nani atanidhamini?"

"Mimi. Ya karatasi huisha kwa tarehe. Yangu inakwisha siku nitakayofunikwa udongo."

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa akitania. Kila chasisi aliyoitengeneza aliiwekea alama, hilali ndogo ya kuchomelea nyuma ya tairi la kulia. Ukirudi na gari lenye hilali, likiwa limepasuka pale pale alipopashika, alitengeneza upya na hakukuuliza kitu.

Na huko huko kwenye uhodari wake ndiko lilikotoka kosa. Chasisi ya pikapu ina uwazi ndani, kama bomba, na chini yake kuna matundu madogo. Kaka aliona maji ya chumvi yanarukia humo. Akaamua kuyaziba. Aliyachomelea yote, akasawazisha kwa gurinda, akapaka rangi nyeusi. Wateja waliipenda kazi ile, ilikuwa safi, na mafundi wengine wa mjini wakaiga. Alifanya hivyo kwa pikapu kumi na mbili.

Miaka minne iliyopita moja ya hizo ilirudi imevunjika mgongo. Ilivunjika imesimama, ikipakiwa barafu, na hakuumia mtu, alhamdulillahi. Kaka akaikata. Maji meusi kama kahawa yakamwagika miguuni pake. Matundu yale hayakuwekwa ili maji yaingie. Yaliwekwa yatoke. Mikdad, fundi aliyejifunza kwake na kufanya naye kazi tangu ujana, aliniambia kwamba kaka alikaa chini kwenye tope lile lile, na kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Nilidhani namzibia adui mlango, kumbe nimemfungia ndani."

Kuanzia siku ile akawa mtu wa kutafuta magari. Aliandika yote kumi na mawili kwenye daftari, akayafuata moja moja, Kaole, Zinga, Kiwangwa, mpaka Mkuranga. Alitoboa upya, alibandika vipande, aliomba radhi. Ndani ya miaka miwili kumi na moja yalikwisha. La kumi na mbili lilikuwa la mchukuzi mmoja wa chumvi ambaye alikwishaliuza, kisha akahamia Pemba na kufa huko. Tulichojua ni kwamba aliyelinunua alikuwa mtu wa upande wa Msata.

Kaka alikwenda Msata mara saba. Nilifuatana naye mara mbili. Alisimama pale njia panda kwenye maegesho ya pikapu za kukodi, kanzu nyeupe, miwani, daftari mkononi, akiwauliza madereva: "Nani ana gari lenye alama hii?" Hakuna aliyejua. Tulirudi kila mara mikono mitupu, naye njiani alikuwa akiniambia: "Hamidu, zile pikapu hubeba watu. Huwabeba wakulima, huwabeba watoto wa madrasa siku ya Maulidi. Likikatika kwenye mteremko wa Wami, nitamjibu nini Mola wangu? Haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe asamehe."

Basi siku ile ya msiba nilipanda gari kutoka Chalinze, nikashuka Msata kubadilisha la Bagamoyo. Madereva walikuwa pale pale. Nikawaendea. Sikuwa na daftari.

"Yule mzee wa kanzu aliyekuwa anakuja hapa," nikasema, "ni kaka yangu. Amefariki leo."

Wakavua kofia. Wakanipa pole. Mmoja akauliza, "Kwani mzee wa watu alikuwa anadai nini?"

"Kudai?"

"Mtu anakuja na daftari anatafuta gari la mtu. Si anadai huyo?"

Nilihisi kama nimepigwa. Mara saba! Hapa kwetu mtu akitokea na daftari anauliza gari la nani, hata mwenye gari analikana. Nasi hatukuwaza hivyo hata siku moja, kwa sababu sisi tulijua nia yetu.

"Hakuwa anadai," nikawaambia. "Alikuwa anadaiwa. Alikosea kazi, aliziba matundu ya chasisi, maji yamo ndani yanaila. Alitaka kuitengeneza bure kabla hajafa. Mwenye gari hilo, tafadhali, asipakie mtu."

Gari la Bagamoyo likaja, nikapanda.

Mazishi yalipangwa kesho yake baada ya adhuhuri, kumsubiri kijana wake aliyeko Mtwara. Asubuhi ile wanaume tulikuwa kwenye mikeka uani, waoshaji wanachemsha maji, wakati pikapu ya kijani ilipokuja taratibu kama inabeba mayai. Ndani alikuwa dereva peke yake, nyuma hamna kitu. Akashuka mtu mwembamba wa makamo, akanifuata moja kwa moja.

"Shikamoo kaka. Mimi Majaliwa. Jana nilikuwepo pale Msata."

"Marahaba. Karibu, ndugu yangu."

"Alama aliyokuwa akiitafuta mzee, ninayo." Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nayo siku zote. Mzee aliniuliza mimi mwenyewe, ana kwa ana, nikamwambia sijui. Nilidhani yule aliyeniuzia ana deni lake. Nimeliendesha polepole, mwendo wa baiskeli, tangu alfajiri. Nimekuja kumuomba radhi, na nimemkuta hivi."

Nilimkumbatia. Mikdad alikuwa amekwishalala chini ya gari na nguo zake za msibani.

"Hilali hii hapa!" akapaza sauti. "Na matundu yote yamezibwa. Kazi ya mzee, hata mkuna nazi angeitambua."

Ikawa sasa tufanye nini. Maiti yuko ndani anaoshwa, nje tuwashe drili? Nilimwendea imamu wetu. Akafikiri kidogo, akasema amana kutekelezwa kabla ya maziko ni bora kuliko baada yake, ila mwenye nyumba aulizwe. Nikasimama nje ya dirisha la chumba cha wanawake, nikamwita shemeji yangu Mwanamkasi, mjane wa kaka. Nikamweleza.

Sauti yake ikaja, imekauka kwa kulia:

"Imepatikana kweli, Hamidu?"

"Imepatikana, shemeji."

"Alhamdulillahi. Toboeni. Sauti hiyo ndiyo aliyoizoea, haitamsumbua."

Waya ukavutwa kutoka sebuleni. Mtoro, mtoto wa shangazi yetu na kwa hiyo mtani wa marehemu, hangeweza kunyamaza. "Nilijua!" akasema. "Mgumu huyu! Jeneza tumeliazima tangu jana, kumbe anagoma kuondoka mpaka mteja wake ahudumiwe. Haya Mikdad, fanya upesi, asije akaamka akakusahihisha!" Watu wakacheka huku wanafuta macho. Msiba wetu bila mtani ni kama mboga bila chumvi, na siku ile kicheko kilinisaidia kusimama.

Mikdad akatoboa tundu la kwanza. Maji yakatoka, meusi, mchirizi mwembamba, yakakatika. La pili, hivyo hivyo. La tatu lilitoa matone tu. Kisha akachukua nyundo ndogo ya kaka, akaanza kugonga kutoka mbele. Ua mzima ukatega sikio. Ngi, ngi, ngi. Chuma kiliitika. Kikaendelea kuitika mpaka nyuma ya kabini, na pale kikanyamaza, mahali pa urefu wa shubiri moja.

Majaliwa akashika kichwa. "Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi nini?" Mikdad alitoka chini, uso umejaa kutu. "Hapo pana ugonjwa, kifo hakuna. Utaliacha hapa. Baada ya hitima natia kipande. Ungelipakia mahindi msimu huu, ungelia. Lakini hukulipakia."

Nilivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu simu ya Ashatu. Nilimuuliza Majaliwa mbele ya watu kama amemsamehe kaka yangu. Akasema amemsamehe, duniani na akhera, naye anamuomba yeye amsamehe. Nikamjibu kwa niaba ya kaka kwamba amesamehewa. Imamu akasema, "Mashahidi tumesikia." Nilichukua daftari, nikapiga mstari juu ya jina la mwisho.

Wakati huo waoshaji walikuwa wamemaliza. Alivishwa sanda nyeupe, akatiwa karafuu maiti na uturi. Wanawake waliingia kumuaga, Mwanamkasi wa mwisho. Tukamtoa. Jeneza tulilibeba mabegani kwa kupokezana mpaka msikitini, tukaswali adhuhuri, kisha tukamswalia yeye. Imamu akauliza kama kuna mwenye haki yoyote kwa marehemu. Hakuna aliyesimama.

Makaburini tuliingia shimoni watatu: kijana wake, Mikdad na mimi. Tulimpokea, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla. Tukafungua vifundo vya sanda. Tukapanga mbao mwanandani, tukaziba nafasi kwa udongo mbichi. Tukatoka. Kila mtu akatupa konzi tatu za udongo, Majaliwa naye, kisha majembe yakamalizia. Imamu alisoma talkini. Tukamwagia kaburi maji, tukaomba dua, tukasema amina. Halafu tukarudi nyumbani kwa miguu.