Saba Yenye Mkato

Desemba ya Diani huanza na pamba. Mwezi ukiandama tu, hoteli ninayofanyia kazi hutoa mti wa plastiki stoo, tunautandaza matawi, kisha tunaubandika pamba iwe theluji. Nje jua linachoma mpaka mchanga haukanyagiki. Wageni waliokimbia baridi kwao huja kupiga picha na ile pamba, nami niliyelelewa bara, kwenye baridi yenyewe, huwa nawacheka kimoyomoyo. Baada ya wiki moja pamba inageuka rangi ya uji wa wimbi kwa vumbi na unyevu. Hakuna anayejisumbua kuibadilisha.

Zamani niliyapenda haya yote. Nilimpenda hata Baba Krismasi wetu, ambaye ni mmoja wa wapishi. Kila tarehe ishirini na tano hupandishwa ngamia akapitishwa ufukweni na koti zito jekundu, jasho likimtiririka ndani ya ndevu za bandia, akimbembeleza ngamia kwa sauti ya chini asije akamwaibisha mbele za watu. Lakini tangu mwaka juzi, nikiisikia kengele ya yule ngamia, huacha ninachofanya nikaitazama bahari. Mwaka juzi kengele ilipolia, baba na mama yangu walikuwa baharini, na aliyewapeleka huko ni mimi.

Kazi yangu ni meza ya taulo, pale kwenye lango la kutokea ufukweni. Natoa taulo kavu, napokea zilizolowa. Na pia mimi ndiye mwenye ubao. Ni ubao mweusi mdogo, umetundikwa nje ya lango ukitazama bahari, na kila asubuhi nafungua kijitabu cha maji na kuandika kwa chaki saa ambayo maji yatakuwa yamekupwa kabisa. Anayetaka kutembea hadi mwambani anasoma pale, anajua aende saa ngapi na arudi saa ngapi. Husomwa na wageni wetu na hata wapita njia. Wenyeji hawausomi.

Mwandiko nilifundishwa na baba. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, miaka na miaka, akipima vikapu na kuandika kilo, na aliamini kwamba tarakimu mbaya ni aina ya uongo. Saba, alisema, lazima ikatwe katikati, la sivyo karani mwenye haraka ataisoma moja, na mama wa watu atapoteza kilo sita. Nilikata saba zangu shule nzima, nikachekwa. Mpaka leo nazikata. Alipostaafu akawa msomaji wa kanisani, na somo la Krismasi lilikuwa lake, hakuna aliyethubutu kumwomba ampishe.

Basi mwaka juzi wazee walikubali kuja kwangu Ukunda kwa sikukuu, safari yao ya kwanza kuiona bahari. Kazini kwetu sikukuu hubadilishwa. Mwenzangu wa meza ni mzaliwa wa Msambweni, Mwislamu, nami ni wa kanisani, kwa hiyo Idd yake namshikia mimi na Krismasi yangu ananishikia yeye. Tumefanya hivyo miaka yote bila kuandikiana. Tatizo lilikuwa ubao tu, maana hakipendi kile kijitabu. "Mimi maji nayaangalia, shoga yangu, siyasomi," aliniambia. "Niandikie kabisa ya kesho, uende zako."

Ilikuwa alasiri ya tarehe ishirini na nne. Mama alikuwa ameshapiga simu kwamba wako Likoni, wanasubiri feri, na baba anauliza kama feri huwa inazama. Nilifungua kijitabu nimesimama, simu begani, nikacheka, nikaandika 11:47, nikafunga. Jicho lilikuwa limeruka mistari miwili. Hiyo ilikuwa saa ya tarehe ishirini na saba. Maji ya Krismasi yalikuwa ya kukupwa saa nne na dakika ishirini na tano, na ubao wangu ukasema bado, mpaka karibu saa sita.

Asubuhi tulikwenda ibada ya kwanza. Tulipotoka, mama hakutaka chai wala chochote, alitaka bahari. Mimi nilikuwa na pilau jikoni. Niliwapandisha tuktuk pale Kona ya Musa, nikamwelekeza dereva njia ya umma iliyo ubavuni mwa hoteli, nikawaambia watangulie. Kisha nikasema neno ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote: "Baba, kabla hamjaingia, someni ubao wangu kwanza."

Nilifika kama saa sita kasoro robo. Ufuo ulikuwa umejaa watu na wote walitazama upande mmoja, maana ngamia alikuwa anakuja. Kengele inalia, muziki wa Krismasi unatoka kwenye spika, watoto wa wageni wanaruka. Mimi nikatazama bahari.

Bamvua, yale maji makubwa yanayojaa kwa kasi, haikujii usoni. Hupita nyuma yako kwanza, ikajaza mkondo ulio kati ya mwamba na ufuo, na wewe uliyeko mwambani bado uko pakavu, unaona dunia imetulia. Wazee wangu walikuwa kule mwambani, wawili tu. Wengine wote walisharudi. Mama alikuwa ameinama anaokota kitu. Baba alikuwa amesimama wima na suti yake ya kanisani, suruali imekunjwa hadi magotini, anatazama saa ya mkononi. Nilielewa mara moja anachofanya. Ubao ulimwambia saa tano na dakika arubaini na saba, na baba si mtu wa kuondoka kabla ya wakati. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

Mwenzangu alitoka langoni na taulo mikononi, akafuata macho yangu. Aliziacha taulo chini, akafunga leso kiunoni juu ya sare, akaingia majini kwa kuzunguka, kushoto kabisa, kwenye ukingo wa mawe anaoujua tangu alipokuwa akienda kuchokoa pweza na mama yake. Nilimsikia akipaza sauti: "Baba, simameni hapo hapo. Msije. Mimi ndiye ninayekuja."

Mimi sijui kuogelea. Miaka yote hii pwani, sijui. Lakini si hilo ninalotaka kusema. Nitasema nilichofanya. Niligeuka nikautazama ubao, nikaiona saba yangu yenye mkato, nikajua ni nini kimetokea na nani atafukuzwa kazi. Watu wote walikuwa wakitazama ngamia. Nikaufuta ubao kwa kiganja. Nikachukua chaki, nikaandika 10:25, vizuri, bila haraka, kwa mwandiko ule ule. Nilipogeuka tena walikuwa wameanza kuvuka naye, na maji yalikuwa yamemfika mama kifuani.

Walitoka. Mwenzangu aliwapitisha juu ya yale mawe hatua kwa hatua, mama amemshika leso, baba nyuma amekiinua kiatu kimoja juu ya kichwa, cha pili kimekwenda. Nilimkumbatia mama akitetemeka. Baba alinipita kama hanioni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ubao. Alifuta miwani kwa kidole, akasoma. Akasoma tena.

"Niliona saba," alisema. "Saba yako, yenye mkato. Nilimwonyesha hata mama yako."

"Hakuna saba hapo, Baba," nikasema.

Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ubao. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye mikono ya koti. "Kweli," akasema. "Hakuna."

Tulikula lile pilau. Baba alilisifu. Mwenzangu alipowaaga wazee aliwapa shikamoo, na baba, ambaye kwao salamu hiyo haitumiki, akajibu "asante", akajicheka mwenyewe, na hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho hapa pwani. Mwenzangu alikuwa amekiona kiganja changu, cheupe kwa chaki. Hakusema lolote siku ile.

Nilidhani limekwisha. Mwaka mpya uliingia kwa fataki za hotelini, wazee wakarudi bara, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha simu za mama zikaanza. Baba amekwenda kupimwa macho. Macho ni mazima. Baba anasema kama si macho basi ni kichwa. Baba ameacha kusoma kanisani, amesema mtu anayeona tarakimu ambazo hazipo asisimamishwe mbele ya watu. Krismasi iliyofuata somo alisoma mtu mwingine, na baba alikaa kiti cha nyuma. Mwaka huu mama aliniambia kwamba hata dawa ya kuogeshea ng'ombe baba humpa yeye amsomee vipimo, kisha anauliza tena, na tena. "Baba yako anajishuku," alisema. "Juzi aliniuliza kama jina langu ameliandika sawa." Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Mtu mwenye akili timamu alikuwa akijifundisha kuwa mgonjwa, na dawa ilikuwa mdomoni mwangu, na nilinyamaza kwa sababu ya meza ya taulo.

Mwezi huu pamba ilipotolewa stoo nikamwambia mwenzangu kwamba wazee wanakuja tena, mama ameamua kumleta baba abadilishe hewa. Nilimwomba anishikie Krismasi kama kawaida. Alikuwa akikunja taulo. "Sikukuu yako nitakubebea, shoga yangu, kila mwaka Mungu akinijalia," alisema. "Lakini hilo la baba libebe mwenyewe. Mwaka usiishe nalo."

Kwa hiyo Krismasi hii, ingawa alikubali kunishikia, nilikwenda kazini niuandike ubao mwenyewe. Niliandika nikiwa nimeweka kidole juu ya mstari wa kijitabu, nikaukagua mara tatu, na bado sikuuamini. Wazee walikuja baada ya ibada. Baba amepungua. Kola ya shati ilikuwa imemwachia shingo, na alitembea ameshika mkono wa mama, yeye ambaye maisha yake yote alitangulia hatua mbili. Alifika langoni, akasimama mbele ya ubao, akainamisha kichwa.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Mimi siko sawa siku hizi."

Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, yote yalinipotea. "Baba, saba ilikuwepo," nikasema. "Mwaka juzi. Nilikosea mstari kwenye kijitabu. Wewe ulisoma sawa. Niliifuta mimi, nyinyi mkiwa bado majini, kisha nikakwambia haipo."

Mama ndiye aliyesema kwanza, na hakusema nilichotegemea. "Ilikuwa chaki," alisema, akijigusa mgongoni. "Ile nguo yangu ya buluu. Kiganja kizima. Nilidhani ni chumvi ya bahari."

Mdomo wa baba ulikuwa ukitikisika na niliogopa ataanguka. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru.

"Kwa hiyo nilisoma sawa," alisema.

"Ulisoma sawa, Baba."

"Niliona saba."

"Uliiona."

Aliuachia mkono wa mama. Alitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa kitambaa, akaivaa, akausogelea ubao na kuusoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kwa ile sauti ya kanisani ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili. Wageni wawili waliokuwa wakipita waligeuka kumtazama. Nilianza kulia pale pale na sare yangu, sikujizuia. Alipomaliza akavua miwani, akanitazama, na macho yake yalikuwa makavu na makali, ya karani aliyeletewa kikapu chenye mawe chini ya majani.

"Na hii ni ya leo?" akauliza.

"Ni ya leo, Baba. Nimekagua mara tatu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jibu lakini hakulipokea. Kisha akateremka mchangani peke yake. Aliokota kijiti cha kuti, akakichomeka pale maji yalipoishia, akakunja suruali, akasimama kando yake aone mwenyewe kama maji yanatoka au yanaingia. Mama alimfuata. Kengele ya ngamia ikaanza kulia kutoka upande wa pili, watu wakakimbilia huko, watoto wakipiga kelele. Baba hakugeuka. Alikuwa akikiangalia kile kijiti.