Besi Mpaka Mwisho

Majina yao yote ninayo. Ninalo la mume wangu, la ndugu yake, la mke wa ndugu yake, hata la mbwa wao aliyekuwa akikimbia redio ikiwashwa. Sitayaandika. Mtu akitaka kuingia kwenye karatasi yangu na jina lake, afanye kwanza jambo moja linalostahili wino.

Haya yote yaliletwa na amplifaya, mashine ya kukuza sauti. Ilikuwa miaka ya sabini, bado mapema. Mume wangu alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, na bosi wake Mzungu alipokuwa anarudi kwao aliuza vitu vya nyumba. Wenzake walinunua vitanda na masufuria. Yeye aliteremka kwetu Kangemi na sanduku la rangi ya fedha lenye redio ndani yake, na spika mbili kila moja kubwa kama kabati la vyombo. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, na stima ilikuwa imeingia si muda mrefu. Spika zikapewa mahali pa meza. Meza ikawekwa nje, ikanyeshewa mpaka ikapinda, nasi tukawa tunakula sahani zikiwa magotini.

Kuirekebisha sauti akaitwa shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu. Yeye alifanya kazi katika duka la redio mjini. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa maboksi stoo na kuyapeleka kwenye gari la mteja, lakini basi likishapita Westlands kuja huku kwetu alikuwa tayari amegeuka injinia. Alivua koti, akachuchumaa mbele ya lile sanduku, akatuomba tunyamaze. Kulikuwa na vifundo vitatu vya kuzungusha. Kimoja cha kupandisha sauti, kimoja cha besi, yaani ile sauti nene, na kimoja cha trebo, ile nyembamba inayofanya maneno yasikike. Besi akaizungusha mpaka mwisho. Trebo akairudisha nyuma mpaka ikagoma. Trebo, alisema, ni ya watu wa chini, ndiyo inayofanya redio za betri zilie kama mabati.

Kisha akaomba glasi ya maji, akaiweka juu ya spika. Maji yakatetemeka, naye akatabasamu, kana kwamba maji ndiyo yaliyonunuliwa redio. Sijawahi kuona mtu mwingine akipima sauti kwa macho. Aliporidhika akatoa mfukoni rangi ya kucha ya mke wake, nyekundu, akatia alama kwenye kila kifundo. Hapo, akasema, pasiguswe na mtu.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kukagua alama zake. Alizikagua kabla ya chakula na baada ya chakula, na kuku wangu walianza kumjua kwa hatua.

Muziki sina neno. Ngoma ni ngoma, hata ikipigwa ndani ya pipa. Lakini mtu akizungumza kwenye ile redio ungedhani ameviringishwa blanketi na anaomba kutolewa. Taarifa ya habari ilikuwa mngurumo, na matangazo ya vifo, ambayo ndiyo hasa sisi watu wazima tuliyokuwa tunasikiliza, yalikuwa mngurumo wa polepole. Nilimwambia shemeji arudishe trebo kidogo tusikie nani amekufa. Akamtazama mume wangu kwanza, ndipo akanijibu.

"Shemeji, hiki si chombo cha kuuzia mboga. Masikio yako yamezoea soko."

Mume wangu alicheka. Mboga hizo ndizo alizokuwa akila akicheka.

Na hapo kwenye mboga ndipo palipokuwa na roho yangu. Shamba tulilokalia halikuwa letu. Lilikuwa la baba mkubwa wa mume wangu, mzee aliyeishi Waithaka, ambaye alituruhusu kujenga upande wa juu. Upande wa chini, karibu na mto, palikuwa na unyevu mwaka mzima. Nilipanda nduma, yaani magimbi, na sukuma wiki, na kila asubuhi nilibeba kikapu hadi Westlands, nikauza kwenye milango ya nyuma ya nyumba kubwa. Watoto wangu walivaa viatu kutoka kwenye ule udongo. Mzee alikuwa ameahidi kwamba mvua zikiisha angekuja kupanda maua ya mpaka, yale tunayopanda sisi ili mtu asibishane na jirani wala na mtoto wa jirani. Akishayapanda, maneno yameisha. Lakini shemeji alikuwa naye ameutamani ule upande wa chini. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Alikuwa ameshamwomba mzee mara kadhaa, na mzee hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikiomba mvua ziishe, na mzee awe hai.

Jumapili moja jioni, shemeji akiwa bado anachokonoa meno, matangazo ya vifo yakaanza. Ngu-ngu-ngu, ngu-ngu-ngu. Katikati ya ule mngurumo likatoka jina la mzee, kamili, na baada yake "wa Waithaka". Kisha mngurumo tena, kisha "mazishi", kisha nyimbo.

Mume wangu alishika kichwa. Shemeji akasimama akasema amesikia wazi, baba yetu mkubwa ametutoka. Nikawauliza maneno yaliyotangulia lile jina yalikuwa yapi, kwa sababu redio haitaji marehemu peke yake, inataja ukoo mzima na marafiki. Hakuna aliyejua. Nikasema basi twende kwa jirani, ana redio ndogo ya betri, huenda amesikia vizuri.

"Tuna amplifaya," mume wangu akasema, "halafu tukaulize habari kwenye redio ya betri?"

Watu wa namna hii wakifilisika hulaumu kijicho cha majirani.

Shemeji hakuwa amemaliza hata kufuta machozi alipoanza kuuliza ule upande wa chini sasa utagawanywa na nani. Alisema kama mzee hakuacha neno, ndugu wawili hugawana sawa. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye nduma zangu. Niliona vyumba vyake vya mabati vimekwisha kusimama pale, na maji machafu ya wapangaji yakiteremka mtoni.

Asubuhi yake tukashika njia ya Kawangware kwenda Waithaka kwa miguu. Mimi nilibeba sukari, majani ya chai na kuni, kama inavyopasa kwenye matanga. Mume wangu alibeba uso wa huzuni. Shemeji alikuwa amevaa suti nyeusi na tai, na njia nzima alikuwa akilia na kutueleza jinsi atakavyohutubia kaburini.

Tulipoingia kwa mzee tukamkuta ameketi uani juu ya kigoda, amevaa koti lake jeusi, anapaka viatu rangi.

Mume wangu alisimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Mimi kuni zilinishuka mgongoni zenyewe. Mzee akainua macho, akatutazama, akatazama sukari, na uso wake ukalainika.

"Mmekuja," alisema. "Watu wengi wamepita hapa tangu jana na hakuna aliyenipa pole. Ninyi mmesikia kwenye redio mkatoka Kangemi kwa miguu."

Akaeleza kwamba marehemu ni mtu wa rika lake, walitahiriwa siku moja, na watu wa marehemu walikuwa wamemfanyia heshima ya kumtaja kwenye tangazo kama rafiki mkubwa. Maneno hayo ndiyo besi ilikuwa imeyameza: rafiki mkubwa wa. Nilielewa papo hapo, na nikamshika mzee mkono, nikampa pole ya rafiki yake. Mume wangu naye, kwa mara moja maishani mwake, akafuata. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri. Ilibaki kunywa chai tu.

Lakini shemeji alikuwa amelia tangu Kawangware na hakutaka machozi yake yapotee bure.

"Tulidhani ni wewe, Baba," akasema. "Na jinsi ulivyokuwa hujagawa shamba."

Mzee aliweka kiatu chini. Akauliza taratibu nani alisikia kwamba amekufa. Shemeji akaanza kumweleza habari za besi na trebo, na watu walio na masikio ya kisasa, na maji kwenye glasi. Aliongea muda mrefu. Mzee alimsikiliza kama mtu anayesikiliza paa likivuja.

"Kwa hiyo siku nitakapokufa kweli," akasema, "ninyi mtajuaje?"

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, ulisikia nini?"

"Sikusikia neno, Baba. Kwetu redio haisemi, inanguruma tu."

Alitwaa kiatu akaendelea kupaka. Tulikunywa chai yetu wenyewe, ile tuliyoileta, tukarudi. Njiani shemeji alisema mzee amezeeka, haelewi mambo ya mitambo.

Mzee hakungoja mvua ziishe. Jumamosi iliyofuata alifika Kangemi na kikapu cha mizizi ya yale maua, na wazee wawili wa kushuhudia. Alisema anataka kuweka mpaka wake akiwa hai, kabla hajatangazwa tena. Shemeji, ambaye alikuwa amefika mapema na suti yake ileile akitegemea kugawiwa, alianza kuonyesha kwa kidole mstari upite wapi. Mzee akampa jembe. Akamwambia achimbe pale atakapoonyeshwa.

Mstari ulianza barabarani, ukapita nyuma ya nyumba yetu, ukazunguka nduma zote na sukuma zote hadi kwenye maji, ukarudi. Shemeji alichimba kila shimo akiwa upande wa nje. Mume wangu alikuwa ndani ya nyumba ameiwasha amplifaya ili kuwaheshimu wageni, besi kwenye alama, na wazee wale wawili wakauliza kama kuna lori lililokwama barabarani. Mimi nilifuata nyuma na kikapu, nikitia mzizi mmoja mmoja na kukanyaga udongo kwa kisigino.

Mashimo yalikuwa mazuri, ya kina kimoja, yamenyooka. Hiyo kazi aliiweza.